Stepu kwa milimita: namna ya kupanga mihimili ya mashine ya kuchonga uliyoigeuza kuwa CNC

"Nimeamuru milimita 50, meza imekwenda 49.7. Nibadilishe stepu kwa milimita?" Stepu kwa milimita ni idadi ya mapigo ambayo kontrola inaipa mota ili meza isogee milimita moja. Kwa wenye CNC, yaani mashine inayoendeshwa na kompyuta, swali hili haliishi, na mara nyingi anayeuliza ameshabadilisha tayari. Ametoa 320, ameweka 321.93, kipimo cha 50 kimetoka sawasawa, amefurahi. Kesho yake anachonga kitu cha milimita 20 na hakikubali kuingia mahali pake.

Jibu fupi: usiiguse ile namba kwanza. Kwenye mashine inayosukumwa na skrubu, stepu kwa milimita hutoka kwenye hesabu, na hesabu hiyo haina ubishi. Kipimo kikiikataa, mara nyingi kosa lipo kwenye pleyi ya skrubu (ule mwendo unaopotea skrubu ikibadili mwelekeo), kwenye kapulingi (kiungo cha mota na skrubu) inayoteleza, au kwa mpimaji mwenyewe. Ukiibadilisha namba ili kuficha pleyi, unakuwa na makosa mawili mahali palipokuwa na moja.

Mfano nitakaoutumia hapa ni mashine ndogo ya mezani ambayo mikono yake ya kuzungusha imeondolewa na kufungwa mota za stepa za NEMA 23, draiva za aina ya DM542 (zinazozipa mota umeme), skrubu za goroli SFU1605, na kontrola ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL 1.1. Kama unatumia programu ya Mach3 au LinuxCNC, kazi ni ileile, ila mahali pa kuandika namba ndipo panapotofautiana, nitapataja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) ya milimita 10, yenye mgawanyo wa 0.01, pamoja na kitako chake cha sumaku. Bila hii usianze. Kalipa haiwezi kushika nafasi yake.
- Kalipa ya dijitali, kwa vipimo vya kukadiria na kwa kipande cha majaribio cha mwisho.
- Kipande cha chuma chenye urefu unaojulikana kwa uhakika. Si lazima ununue vipande vya maabara. Maikromita ya 50–75 huja na fimbo ya kuisawazishia yenye milimita 50, na ya 75–100 huja na fimbo ya 75. Ukinunua maikromita ya mtumba, fungua boksi uone kama fimbo ipo kabla hujatoa hela.
- Alenki, spana, makapeni, brashi ya kufagilia chenga, na daftari. Daftari si mapambo. Utapima kitu kilekile mara nyingi, na kichwa hakitabeba namba zote.
- Kigogo cha mbao ngumu cha kuweka chini ya kichwa cha mashine.
- Kipande cha alumini na endimili kali (kisu kinachozunguka cha kuchongea), kwa kazi ya mwisho kabisa.

Mambo mawili ya usalama. Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Draiva nyingi zimekufa kwa namna hiyo, na kufa kwake ni papo hapo. La pili: skrubu ya goroli haijizuii yenyewe kama skrubu ya kawaida. Ukizima umeme, kichwa cha Z chenye uzito kinaweza kushuka peke yake na kukuta mkono wako mezani. Kigogo kiwe chini yake kabla hujagusa swichi. Na kwa hatua zote mpaka ya nane, spindo (shafti inayozungusha endimili) imezimwa na haina endimili.

Hatua ya 1: Kaza mashine kabla ya kupima chochote

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayomaliza zaidi ya nusu ya maswali.

Simamisha kitako cha sumaku kwenye kitu kisichotembea na meza, ncha ya dayo geji iguse ubavu wa meza. Washa draiva ili mota zishike. Kwenye GRBL andika `$1=255`, la sivyo mota zitalegea kila meza inaposimama. Sasa sukuma meza kwa mkono, kisha ivute, kwa nguvu ya kawaida tu. Tazama sindano. Ikienda 0.02 na kurudi ukiachia, hapo ni chuma kinapinda kidogo, si tatizo. Ikienda 0.15 na kubaki hukohuko, kuna kitu kimelegea, na hakuna namba ya kompyuta itakayokikaza.

Tafuta kwa mpangilio huu:

Beringi za mwisho wa skrubu. Weka dayo geji kwenye ncha ya skrubu yenyewe, kwa urefu wake, usukume meza tena. Skrubu ikitembea mbele na nyuma, nati ya kubana beringi haijakazwa, au uliweka beringi za kawaida mahali panapohitaji za kubeba msukumo wa kwenda na urefu wa skrubu.

Kapulingi. Chora mstari mmoja wa makapeni unaopita juu ya shafti ya mota, kapulingi na skrubu. Uache hapo moja kwa moja. Mistari ikija kuachana siku yoyote, umemjua mwizi. Kama shafti ya mota ni duara tupu, piga tupa sehemu bapa ili skrubu ndogo ya kubania ipate pa kukaa, lakini funika mota kwa kitambaa kwanza: chenga za chuma hunaswa na sumaku ya mota na zikiingia hazitoki.

Nati ya goroli na mabano yake. Bolti zake hulegea kwa mtikisiko.

Mwisho gibi, ule ukanda wa chuma unaobana slaidi. Ikilegea sana meza inageuka upande. Ikibana sana mota inakosa nguvu na kupoteza stepu. Kaza mpaka meza ikatae, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka ipite urefu wote kwa uzito uleule. Kwenye mashine iliyotumika sana, katikati huwa pamelika na mwishoni pamebana. Hapo utapatana na mashine, huwezi kupata vyote.

Hatua ya 2: Piga hesabu

stepu kwa milimita = stepu za mota kwa mzunguko × maikrostepu × uwiano wa puli ÷ mwendo wa skrubu kwa mzunguko mmoja

Mota ya kawaida ina stepu 200 kwa mzunguko, yaani nyuzi 1.8 za pembe kwa stepu. Maikrostepu, yaani vipande ambavyo draiva huigawa kila stepu, unaiweka kwa swichi ndogo zilizo ubavuni mwa draiva. Uwiano wa puli ni 1 kama mota imeungwa moja kwa moja. Kama puli ya mota ina meno 20 na ya skrubu 40, uwiano ni 2.

Kwa mashine yetu: 200 × 8 × 1 ÷ 5 = 320. SFU1605 maana yake ni kipenyo cha milimita 16 na mwendo wa milimita 5. Ukiwa na SFU1204, ni 1600 ÷ 4 = 400.

Sasa mitego mitatu.

Wa kwanza ni skrubu ya T8. Nyingi zinazouzwa zina nyuzi nne zinazokwenda pamoja: ukipima kutoka uzi hadi uzi unapata milimita 2, lakini mzunguko mmoja unasukuma milimita 8. Aliyeandika hesabu kwa 2 meza yake itakwenda mara nne ya alivyoamuru. Usihesabu uzi, zungusha skrubu mzunguko mmoja kamili na upime nati imekwenda wapi.

Wa pili ni mashine za inchi, hasa zile kubwa za zamani zilizotoka Marekani na Uingereza. Skrubu yenye nyuzi 5 kwa inchi inasukuma 5.08, si 5, na namba yake ni 1600 ÷ 5.08 = 314.961. Ukiona umeamuru 100 na meza imekwenda 101.6 kamili, acha kutafuta kosa la mitambo. Hiyo ni inchi inakusalimia.

Wa tatu ni swichi za draiva. Jedwali lililochapishwa kwenye ubavu wa draiva moja halifanani na la nyingine, hata zikiwa na sura moja. Baadhi huandika maikrostepu, nyingine huandika mapigo kwa mzunguko: 1600 ni sawa na maikrostepu 8. Zima umeme kabla ya kugeuza swichi, kisha washa.

Na usivutiwe na maikrostepu 32 au 64 kwa kudhani ndiyo usahihi. Kwa 320, stepu moja ni milimita 0.003 hivi, ndogo kuliko uwezo wa mashine yenyewe. Ukipanda hadi 32, unahitaji stepu 1280 kwa milimita, na Arduino Uno yenye GRBL inaishia karibu na stepu 30,000 kwa sekunde. Maana yake kasi yako ya juu inashuka kutoka kama milimita 5600 kwa dakika hadi 1400. Nane inatosha, kumi na sita kama mota inanguruma vibaya.

Hatua ya 3: Ingiza namba

Kwenye GRBL, andika `$$` uone orodha yote, uinakili kwenye daftari kabla hujagusa kitu. Kisha:

`$100=320`
`$101=320`
`$102=320`

Hizo ni X, Y na Z. Ukikuta 250 kwenye zote tatu, hiyo ni namba ya kuanzia ya GRBL, haihusiani na mashine yako. Namba zinabaki hata ukizima umeme. Kila ukizibadilisha, anzisha kontrola upya na uweke sifuri upya, kwa sababu mahali inapodhani ipo patakuwa pameharibika.

Mach3: Config, Motor Tuning, na lazima ubonyeze Save Axis Settings kwa kila mhimili kabla ya kuhamia mwingine, vinginevyo kazi imepotea. LinuxCNC: SCALE ndani ya faili la INI.

Kwa sasa weka kasi ya juu (`$110`) na mchapuko (`$120`) viwe vidogo: `$110=500`, `$120=20`, na wenzake wa Y na Z vivyo hivyo. Tutapandisha baadaye.

Hatua ya 4: Mwelekeo, na jaribio la rula

Amuru milimita 10 tu:

`$J=G91 G21 X10 F200`

Kumbuka kwamba tunazungumzia mwendo wa endimili juu ya kazi. X chanya ni endimili kwenda kulia, na kwa kuwa kwenye mashine hii meza ndiyo inayotembea, meza itakwenda kushoto. Wanaoanza huona hivyo wakageuza mwelekeo, kisha maandishi yao yote yanatoka kama ya kwenye kioo. Mwelekeo ukiwa kweli umegeuka, rekebisha kwa `$3`. Huna haja ya kuhamisha waya.

Tazama kwa rula kama imekwenda 10 hivi. Ikienda 5 au 20 au 40, rudi kwenye swichi za draiva au mwendo wa skrubu. Kosa la nusu, mara mbili au mara nne halitoki kwingine.

Hatua ya 5: Pima pleyi

Pleyi kwanza, ndipo umbali. Ukipindua mpangilio huu utapima vyote viwili kwa pamoja bila kujua.

Dayo geji iguse meza, na ilale sambamba kabisa na mhimili unaoupima. Ikiinama kwa nyuzi 5 tu, mwendo wa milimita 10 utasomeka 10.04, na utaanza kufukuza kosa lisilokuwepo. Itazame kwa juu, kisha kwa ubavu.

a) Sogeza meza kuelekea geji mpaka ibonyee kama milimita 2. Endelea upande huohuo milimita 1 zaidi, ili pleyi yote iwe imeliwa upande mmoja.

b) Zungusha uso wa geji, sindano isome sifuri.

c) Amuru milimita 1 mbele, upande uleule. Kisha amuru milimita 1 kurudi.

d) Soma. Kusingekuwa na pleyi, sindano ingerudi sifuri. Ikisoma 0.07 kabla ya kufika sifuri, pleyi yako ni 0.07.

Rudia mwanzoni mwa meza, katikati na mwishoni. Skrubu ya zamani inaweza kukupa 0.25 katikati, ilikofanya kazi miaka yote, na 0.08 pembeni ambako haikuguswa.

Skrubu ya goroli iliyofungwa vizuri: 0.02 hadi 0.05 ni hali njema kwa mashine ya nyumbani. Zaidi ya 0.1, rudi Hatua ya 1. Skrubu ya kawaida yenye nati ya shaba: utakuta 0.1 hadi 0.3, na nati yenye mpasuo wa kubania itakusaidia kuishusha.

Mach3 na LinuxCNC zina mahali pa kuandika pleyi ili programu iifidie. GRBL 1.1 haina. Hata ukiwa nayo, fidia hiyo inajua mota imegeuka lini; haijui endimili inaivuta meza upande gani. Ukikata kwa upande ambao meno ya endimili yanaivuta kazi kuelekea kwake, pleyi yote inafunguka kwa mkupuo na endimili inavunjika. Mwenye pleyi kubwa akate kwa upande wa kupingana na meno mpaka atengeneze skrubu.

Z ina tabia yake. Uzito wa kichwa unalala upande mmoja wa uzi muda wote, kwa hiyo geji itakuambia pleyi ni ndogo sana. Usiamini mpaka umekiinua kichwa kwa gongo na kuona kinapanda kiasi gani. Keke ya kuchimba shimo itakiinua hivyohivyo.

Hatua ya 6: Pima umbali mrefu

Milimita 10 za geji hazitoshi kuhukumu skrubu. Kosa la 0.01 kwenye 10 ni sawa na 0.1 kwenye 100, na 0.01 ndiyo mgawanyo wa geji yenyewe. Ndiyo maana tunahitaji ile fimbo ya 75.

a) Funga jiriwa mezani, safisha uso wa taya lisilotembea. Upitishe kidole, chenga moja ya alumini ni 0.05 bila shida.

b) Weka kitako cha sumaku kwenye kichwa au nguzo ya mashine, geji ikielekea kwenye taya hilo, sambamba na mhimili.

c) Simamisha fimbo ya 75 ikiwa imegusa taya kwa ncha moja, imelazwa kwenye kipande kilichonyooka ili isiiname. Sogeza meza kuelekea geji mpaka ncha ya geji iibonyee fimbo kwa milimita 1. Mwendo wa mwisho uwe wa kuelekea geji, usirudi nyuma hata kidogo. Ukipitiliza, rudi milimita 2 na uje tena.

d) Weka uso wa geji sifuri. Inua ncha ya geji kwa kidole, toa fimbo, achia ncha taratibu.

e) Amuru `G21 G91 G1 X75 F200`, kwa ishara ya upande uleule wa kuelekea geji. Taya litakuja mahali fimbo ilipokuwa.

f) Soma geji. Sifuri maana yake meza imekwenda 75.00. Ikipungukiwa na 0.06, imekwenda 74.94.

Uzuri wa njia hii ni kwamba meza imekuja upande mmoja mara zote mbili, kwa hiyo pleyi haimo. Na geji haipimi milimita 75. Inapima tofauti ndogo tu, kwa hiyo hata ikiinama kidogo haidhuru. Rudia mara tatu nne. Majibu yakitawanyika kwa zaidi ya 0.02, hujapata kipimo bado. Kuna uchafu au kitu kimelegea.

Hatua ya 7: Amua kama namba ibadilike

Fomula ni rahisi na kila mtu anaijua:

namba mpya = namba ya sasa × ulichoamuru ÷ ulichopata

Uamuzi ndio mgumu. Skrubu ya goroli ya daraja la C7, ambalo ndilo la kawaida kwa mashine zetu, inaruhusiwa kukosea 0.05 kwa kila milimita 300. Kwenye 75 hiyo ni kama 0.013, kitu ambacho geji yako inakiona kwa shida. Kwa hiyo ukipata upungufu wa 0.06 kwenye skrubu ya C7, usiandike 320.256 ukaondoka. Skrubu haikosei hivyo. Futa taya, angalia kapulingi, pima tena. Nikiona mtu ana skrubu za goroli na namba yake ya X ni 318.4, nahesabu kwamba kuna kitu kimefichwa humo.

Skrubu ya kawaida iliyolika, au T8 ya bei ya chini, ni mambo mengine. Hapo tofauti ya kweli inaweza kuwepo, na kubadilisha ni halali. Mfano, skrubu yenye mwendo wa milimita 2: hesabu inasema 1600 ÷ 2 = 800. Umepata 74.94 mara nne mfululizo, pande mbili tofauti za meza. Andika 800 × 75 ÷ 74.94 = 800.64, pima tena, kisha usiiguse. Kama upande wa kushoto unakupa 74.94 na wa kulia 75.03, namba moja haiwezi kuwaridhisha wote. Acha ya hesabu.

Hatua ya 8: Pandisha kasi, tafuta mahali mota inaposhindwa

Mota ya stepa inaposhindwa haimwambii mtu. Inaruka stepu, na kompyuta inaendelea kudhani mambo ni sawa.

Pandisha `$110` kwa 200 hadi 300 kila mara, ukiitembeza meza kutoka mwanzo hadi mwisho. Itafika mahali italia na kusimama. Shuka hadi asilimia 60 au 70 ya hapo, andika. Kisha `$120` kwa namna hiyohiyo, ukitumia miendo mifupi ya kwenda na kurudi, maana mchapuko unaonekana pale meza inapoanza na kusimama.

Sasa jaribio la kweli. Weka geji sifuri kama Hatua ya 5, rudisha meza nyuma, iendeshe kwa kasi kamili kwenda na kurudi mara ishirini au zaidi, kwa miendo mirefu na mifupi iliyochanganywa, kisha irudi kwenye geji kwa upande uleule. Sindano irudi sifuri. Ikirudi pungufu, shusha mchapuko kwanza, kasi baadaye.

Fanya hivyo kwa mihimili yote mitatu ikitembea pamoja, kwa sababu pawasaplai inayotosha mota moja inaweza isitoshe tatu.

Hatua ya 9: Chonga kipande cha kuthibitisha

Chonga kwenye alumini moja ngazi mbili za mraba: wa juu milimita 20, wa chini milimita 80. Acha pasi ya mwisho iwe nyembamba, 0.2 hivi. Iache ipoe kabla ya kupima. Hili si utani kwa anayefanya kazi ndani ya kibanda cha bati mchana wa Februari pale Dar: alumini ya milimita 100 ikipanda joto kwa nyuzi 20 inarefuka karibu 0.05.

Kisha soma hivi. Mraba wa 20 ukitoka 20.08 na wa 80 ukitoka 80.08, kosa ni lilelile kwa vyote viwili: ni endimili, ama kipenyo chake si ulichoandika, ama inapinda. Stepu haihusiki. Lakini 20 ikitoka 20.02 na 80 ikitoka 80.08, kosa linakua pamoja na umbali, na hapo ndipo stepu kwa milimita inaposhukiwa. Kama X ni sawa na Y ina kasoro, unajua pa kwenda.

Pima na kona kwa kona. Mraba wa 80 unatakiwa kutoa 113.14 kwa pande zote mbili. Zikitofautiana, mihimili haijakaa pembe mraba. Hilo linarekebishwa kwa spana.

Ikikataa

*Meza inahama upande mmoja kidogo kidogo, hata kwa mwendo wa polepole.* Inapoteza stepu moja kila inapobadili mwelekeo. Draiva inasoma pigo kwa upande wake mbaya. Jaribu kugeuza `$2` (upande wa pigo) kwa mhimili huo, na hakikisha `$0` (urefu wa pigo kwa maikrosekunde) haiko chini ya 10. DM542 inataka pigo lisilopungua maikrosekunde 2.5, na ishara ya mwelekeo itangulie kwa 5.

*Inahama tu spindo ikiwaka.* Kelele za umeme. Waya za mapigo zisilale pamoja na za spindo. Tumia waya wenye ngao, na ngao uiunge kwenye ardhi upande mmoja tu, wa kontrola.

*Mota inatetemeka mahali pamoja bila kuzunguka.* Jozi za waya zimechanganywa. Zima umeme, chomoa mota, gusanisha waya mbili mbili huku ukizungusha shafti kwa vidole: jozi ikipatikana, shafti inakuwa nzito.

*Inashindwa kwa kasi ndogo sana wakati wengine wenye mota kama yako wanakimbia.* Angalia volti. NEMA 23 kwa volti 12 ni mateso. 36 inabadilisha mambo kabisa, mradi draiva inaruhusu. Kisha angalia ampea kwenye swichi za draiva zilingane na kibandiko cha mota. Mota kuwa moto kiasi cha kutoishika kwa muda si ugonjwa.

*Asubuhi inapima sawa, jioni inakosea 0.03.* Joto, au nati ya beringi inalegea. Tazama ule mstari wa makapeni kabla ya kulaumu jua.

*Z inashuka yenyewe kidogo ikiwa imesimama.* Draiva nyingi hupunguza mkondo hadi nusu mota ikitulia, na nusu haitoshi kwa kichwa kizito. Zima kipengele hicho kwenye draiva ya Z peke yake, kwenye DM542 ni swichi ya nne, au funga springi ya gesi ya kubeba uzito. Ukishafunga springi, rudia Hatua ya 5 kwa Z, kwa sababu pleyi iliyokuwa imefunikwa na uzito sasa itaonekana.